Tarakimu 20 za Yaka: mita isiyo na mtandao inaijuaje tokeni halali?

Swali: Mhandisi, salamu kutoka Jinja. Mwaka 2024 mita yetu ya Yaka, ule umeme wa Uganda wa kulipia kabla, ilikataa tokeni (namba unayopewa ukinunua umeme) mpaka tuingize kwanza namba nyingine mbili ndefu. Baba alidhani tunatapeliwa. Sasa niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme na ningependa kulifanyia jambo hilo utafiti. Mita haina intaneti wala laini ya simu: inajuaje kwamba tokeni ni halali na haijatumika? Zile namba mbili zilikuwa za nini? Tena msimamizi wangu anasema kiwango kinachoeleza tokeni hizi kina hakimiliki. Je, naruhusiwa kukieleza na kutumia michoro yake kwenye tasnifu?

Jibu: Mdogo wangu, mwambie mzee hamkutapeliwa. Zile namba mbili zilibadilisha ufunguo, yaani namba ya siri iliyo ndani ya mita yenu. Bila hizo, kuanzia tarehe 24 Novemba 2024 mngenunua yuniti na mita isingezikubali. Nitaeleza sababu, lakini tuifungue kwanza tokeni yenyewe.

Yaka (neno la Kiganda, ndugu wa damu wa "waka" letu) inafuata kiwango kiitwacho STS (Standard Transfer Specification). Kilizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ni kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41, cha IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Ndani ya kiwango hicho tokeni ni biti 66, yaani nafasi 66 za sifuri au moja, basi. Ukipiga 2 kwa kipeo cha 66 unapata namba ya tarakimu 20, ndiyo maana unaandika tarakimu 20 na si 15 wala 30. Nafasi ilibanwa kwa makusudi, kwa kuwa walijua mtu atazibonyeza kwa kidole, pengine gizani, huku watoto wakimsubiri.

Biti hizo zimegawanywa hivi: 2 zinasema daraja la tokeni, yaani kama ni ya kuongeza yuniti au ya kuihudumia mita, 4 zinataja huduma, umeme au maji au gesi, 4 ni za bahati nasibu, 24 ni za wakati, 16 ni kiasi ulichonunua, kikihesabiwa kwa sehemu ya kumi ya yuniti, na 16 za mwisho ni za ukaguzi. Ukiondoa zile 2 za daraja, zinabaki 64, na hizo zote husimbwa, yaani hufichwa, kwa ufunguo wa mita yako peke yake.

Ufunguo huo hautungwi ovyo. Hukokotolewa kutoka kwa ufunguo mkuu wa msambazaji wa umeme pamoja na namba ya mita na taarifa nyingine chache. Ufunguo mkuu hukaa ndani ya kifaa cha usalama kilichofungwa, ambacho hukubali kukokotoa lakini hakitoi siri yake nje. Unapolipa kwa simu, ombi huenda kwenye seva, kifaa hicho hukokotoa, nawe hupokea ujumbe wenye tarakimu 20. Seva na mita havijawahi kuzungumza. Kinachoviunganisha ni ule ufunguo tu, uliowekwa ndani ya mita kabla hujaanza kuitumia. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikufai: mita yako ikiisimbua kwa ufunguo wake hupata takataka, na biti 16 za ukaguzi hazilingani.

Je, mtu akibahatisha? Tokeni ya kubuni ina nafasi 1 kati ya 65,536 ya kupita ukaguzi, kisha nafasi 1 kati ya 16 ya kuangukia huduma ya umeme. Zidisha upate 1,048,576. Mtu akibonyeza tokeni moja kila nusu dakika, usiku na mchana, atahitaji karibu siku 364 kujaribu idadi hiyo, na bado wakati uliomo ndani uwe unakubalika.

Wakati huo ndio jibu la swali lako la pili, na mimi naupenda kuliko sehemu nyingine zote za mfumo huu. Biti 24 za wakati huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Kila tokeni hubeba dakika yake, na mita hukumbuka dakika za tokeni zilizopita. Ikija tokeni yenye dakika iliyokwisha kuonekana, jibu ni kwamba imetumika. Ikija yenye dakika iliyo nyuma ya zote zilizohifadhiwa, jibu ni kwamba imezeeka. Mita haihitaji hata saa. Inalinganisha namba tu, na kwa kulinganisha huko inazuia tokeni moja kutumika mara mbili bila kumuuliza mtu yeyote.

Lakini biti 24 zina mwisho. Zinatosha dakika 16,777,216, ambazo ni siku 11,650 na saa kadhaa. Hesabu kutoka 1 Januari 1993 utafika jioni ya 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita ambayo haijaambiwa ingeiona kila tokeni mpya kuwa imezeeka kuliko zote. Kwa hiyo mita za kiwango hiki, hapa Uganda na kwingineko duniani, zilihitaji mambo mawili kwa pamoja: kufuta kumbukumbu ya dakika za zamani, na kupewa ufunguo mpya unaofungamana na tarehe mpya ya kuanzia. Bila ufunguo mpya, mtu angeweza kuokota tokeni aliyotumia miaka ya nyuma akairudia kwenye mita iliyosahau. Na kwa kuwa ufunguo wa biti 64 hauenei ndani ya tokeni moja, hukatwa vipande viwili vya biti 32. Hizo ndizo namba mbili zilizomtia mzee wasiwasi.

Jirani yangu mmoja, mama muuza samaki, alikuwa amenunua tokeni za ziada akaziandika kwenye daftari kama akiba. Baada ya ufunguo kubadilika hazikusoma hata moja. Hakuna aliyemwonya azitumie kwanza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu onyo lenyewe lilihitaji sentensi moja tu ya lugha anayoielewa.

Kuhusu utafiti wako, usiiguse mita ya nyumbani wala ya mtu mwingine. Kuichezea ni kosa la jinai, na huhitaji kufanya hivyo. Jenga mita ya mfano kwenye ubao mdogo wa kompyuta kwa ufunguo uliobuni mwenyewe, kisha uupime. Mwaka 1999 watafiti Paul Kocher, Joshua Jaffe na Benjamin Jun walionyesha kwamba umeme ambao chipu inautumia wakati wa kusimba huvujisha ufunguo. Swali zuri la tasnifu ni hili: programu yako inavujisha kiasi gani, na kinga ipi inaufaa ubao wa bei nafuu?

Njia nyingine ni kuchunguza kanuni mpya ya kusimba iliyoongezwa kwenye kiwango, MISTY1, aliyoibuni Mitsuru Matsui wa Japani mwaka 1995. Mwaka 2015 mtafiti Yosuke Todo alionyesha kwamba inavunjika kinadharia, ila kwa kukusanya data zaidi ya 2 kwa kipeo cha 63. Mita inayoingizwa tokeni moja kila siku kwa miaka 20 hupata tokeni 7,305. Ningependa kusoma tasnifu inayoeleza kwa uangalifu tofauti kati ya kuvunjika kwenye karatasi na kuvunjika ukutani.

Sasa hakimiliki. Msimamizi wako yuko sahihi, ila usiogope. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya 2006 inasema wazi kwamba mawazo, dhana, taratibu na mbinu havilindwi. Kinacholindwa ni namna vilivyoandikwa na kuchorwa. Kwamba wakati una biti 24 na unahesabiwa kutoka 1993, andika bila kumwomba mtu, kisha taja ulikosoma. Kurasa za kiwango, ambacho IEC inakiuza, usizipige picha wala usizibandike kama kiambatisho.

Kuhusu michoro, kufuatisha mstari kwa mstari na kubadilisha rangi bado ni kunakili. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora ulivyoelewa. Ukishindwa, ujue hujaelewa bado. Nukuu fupi inaruhusiwa ikiwa ni ya haki, haizidi hitaji lake, na umemtaja mwandishi na kazi yake. Wanafunzi wengi huniambia "ni kwa ajili ya elimu" kana kwamba neno hilo linafungua kila mlango. Halifungui, hasa tasnifu ikiwekwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo ambako dunia nzima itaisoma. Mchoro ukiuhitaji kweli kama ulivyo, mwandikie mwenye hakimiliki kuomba ruhusa, na jibu lake ulihifadhi.

Programu za kompyuta nazo zinalindwa na sheria hiyohiyo, kwa miaka 50 tangu zilipotolewa kwa umma. Msimbo uliouokota mtandaoni bila leseni hauna ruhusa, hata kama umeachwa wazi. Wenye MIT, leseni huru yenye masharti machache, utumie ukibakiza jina la mwenyewe na maneno ya leseni. Wenye GPL, leseni huru nyingine, ukiusambaza pamoja na wako, itabidi utoe msimbo wote kwa masharti yaleyale. Utakaouandika wewe ni kazi yenye hakimiliki tangu siku ulipouandika. Kuusajili URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, si lazima, ingawa ni ushahidi mzuri ukitokea ubishi. Ila vyuo vingine hudai sehemu ya haki katika miradi ya wanafunzi, kwa hiyo omba sera ya chuo chako uisome sasa, kabla ya kutia sahihi fomu ya mradi.