Binti wa kilo 60 na ndoto ya Olimpiki

Dada umeuliza binti yako wa hapo Uyole, Mbeya, ana kilo 60 anapenda taekwondo, ule mchezo wa kupigana kwa mateke, je mwafrika anaweza kufika mbali. Anaweza kabisa, mwambie amtafute Ruth Gbagbi wa Ivory Coast. Yule alichukua shaba Rio 2016, akawa bingwa wa dunia 2017 kule Muju Korea Kusini, afu Tokyo akabeba shaba nyingine.

Ila kitu ambacho watu hawakioni ni uzito. Ubingwa wa dunia aliuchukua kilo 62, sasa Olimpiki hiyo kilo 62 haipo, wanawake wana mwisho kilo 49, 57, 67 na juu ya 67 basi, kwa hiyo shaba zake zote mbili amezipata kilo 67, yaani anapigana na madada warefu wanaokuinulia mguu usoni kabla hujasogea. Na teke la kichwa ni pointi 3, la mwili 2, likipigwa kwa kuzunguka unaongezewa pointi juu, ngumi ni 1 tu. Binti yako wa kilo 60 naye anaangukia hapo hapo 67, ndo maana nasema kocha wake asimkondeshe mtoto aingie 57, namsihi sana, anakua huyo, ale ndizi na maharage ashibe, ajengewe nguvu za miguu taratibu, milima ya kukimbilia si ipo hapo hapo. Jirani zetu Kenya nao walimpeleka Faith Ogallo Tokyo, juu ya 67. Anaanza lini mazoezi?