Andika ya 2002, lakini uliza kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuandika riwaya ya mlipuko wa 2002 wa Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wakati wewe ulishuhudia ule wa 2021 tu. Andika! Ile hofu, mbingu nyekundu, watu na magodoro kichwani wakikimbilia mpaka wa Rwanda au mji wa Sake, hiyo ni mali yako, itumie. Ila usihamishe kila kitu. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi jioni, na lava ikasimama Buhene, pembeni ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 ilikata katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Na mji ulikuwa mikononi mwa RCD, kundi la waasi, kwa hiyo askari atakayekutana na mhusika wako barabarani si wa serikali ya Kinshasa. Hilo linabadilisha hata namna anavyomsalimia. Yaliyobaki waulize wamama wa mitaa ya Birere na Virunga, hapo Goma: walibeba nini, waliacha nini, nani alibaki kulinda nyumba. Nenda mapema, maana waliokuwa watu wazima mwaka ule sasa wanazeeka.