Karatasi, jani na kaveera: majibu ya maswali yenu

*Naweza kuweka karatasi ya kuokea moja kwa moja juu ya sigiri? (Jinja)*

Hapana, itashika moto. Nyingi huvumilia nyuzi 220 hivi, na makaa hupita hapo. Tumia ovena, au sufuria ya mvuke.

*Ngege wangu waliiva ndani ya karatasi, viazi vikabaki vigumu. Kwa nini? (Entebbe)*

Minofu ya samaki huiva kwa dakika 15 hivi kwenye nyuzi 200. Kiazi kinene hakiwezi kuwahi. Kichemshe kwanza, au kikate chembamba kama sarafu. Kunja ukingo wa karatasi mara mbili, kila kunjo likalie lililotangulia, la sivyo mvuke unatoroka na samaki wanakauka. Maji usiongeze, nyanya na kitunguu vinayo ya kutosha.

*Karatasi hiyo ni ghali. Nitumie gazeti? (Mbale)*

Swali hili nimelijibu mara nyingi, someni jamani! Gazeti lina wino, na wino si wa kuliwa. Karatasi yenye nta nayo isiingie ovenini, nta itayeyuka.

Lakini unanunua karatasi ya nini, na migomba ipo nyuma ya jiko? Pika luwombo, yaani chakula cha mvuke ndani ya jani la mgomba. Chagua jani changa lisilopasuka, lipitishe motoni hadi lilegee, punguza mgongo wake mgumu bila kulitoboa. Litandaze ndani ya bakuli, tia nyama au samaki mkavu, mimina mchuzi wa binyebwa (karanga), kusanya kingo, funga kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria panga vipande vya mgongo wa jani ili maji yasifikie kifurushi. Kuku wa kienyeji mpe saa mbili au zaidi. Jani linaachia chakula harufu yake, na karatasi haina cha kuachia.

*Mama mkwe hufunika matoke kwa kaveera (mfuko wa plastiki) yaive haraka. Kuna ubaya? (Masaka)*

Upo, na ni mkubwa. Mifuko ya sokoni haikutengenezwa kwa ajili ya moto. Ikipata joto, kemikali zilizomo huhamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Marufuku ya mifuko hiyo ilitangazwa 2009, na bado tunaipikia watoto! Majani tabaka kwa tabaka yanatosha. Mwambie mama kwa heshima, lakini mwambie. Na mkiona kaveera juu ya sufuria kibandani, kaleni kwingine.

*Foili na limau? (Arua)*

Asidi hula alumini. Tanguliza jani.