Kwa nini Silverstone iliacha njia za kurukia ndege

Swali: Mhandisi, habari za kazi? Nimesikia Silverstone ya Uingereza ilikuwa uwanja wa ndege za kivita. Mbona magari ya mbio hayatumii njia za kurukia, ambazo ni pana na zimenyooka, badala yake yanazunguka pembeni?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Walijaribu. Uwanja ule ulifunguliwa 1943 kufundishia marubani wa ndege za mabomu aina ya Wellington, na ulikuwa na njia tatu za kurukia zilizokatana. Katika mashindano ya Oktoba 1948, aliyoshinda Luigi Villoresi kwa Maserati, madereva waliingia katikati ya uwanja kwa njia moja, wakakunja kona kali, wakatoka kwa nyingine. Magari yakawa yanaelekeana uso kwa uso kwa kasi kubwa, ikabidi yasimamishwe maturubai ili dereva asimwone mwenzake anayemjia. Mimi hapo ningekataa kutia saini.

Mwaka 1949 wakahamia barabara ya pembeni, na utamu wote wa Silverstone umetoka huko. Barabara hiyo ilijengwa ili ndege nzito zitembee taratibu kutoka maegeshoni hadi zinapoanzia kuruka. Ndege ya namna hiyo haikunji kona ya ghafla, kwa hiyo mapindo yake yalifanywa mapana.

Sasa piga hesabu. Tuseme mshiko wa matairi ni sawa na uzito wa gari, na gari halina mabawa ya kuligandamiza chini. Kona yenye nusukipenyo cha mita 15 inapitika kwa takribani kilomita 44 kwa saa. Ya mita 150 inapitika kwa takribani 138. Ukubwa umeongezeka mara kumi, kasi zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana kona kama Copse na Stowe zinampima dereva moyo kuliko breki.

Kwenye barabara hiyo ya pembeni, tarehe 13 Mei 1950, Giuseppe Farina alishinda mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula 1, akiendesha Alfa Romeo. Leo mzunguko una kilomita 5.891, umerekebishwa mara nyingi.

Ukiwaza kufanya hivyo kwenye uwanja mwingine uliotelekezwa, anza na maji. Ardhi tambarare haiyaondoi yenyewe. Agosti 2018, miezi michache baada ya Silverstone kuwekwa lami mpya, mbio za pikipiki za MotoGP zilifutwa kwa sababu maji ya mvua yalituama barabarani. Mwaka uliofuata lami ikawekwa upya.