Jibu: Kwa nini watu walicheka vifo vya Titan?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini watu walicheka vifo vya wale 5 wa Titan, nyambizi ndogo iliyokuwa ikishusha watalii kuona meli ya Titanic iliyozama, na umjibu vipi shemeji yako anayesema ni roho mbaya tu.

Anza na tarehe. Chombo kilipotea 18 Juni 2023, mabaki yakapatikana tarehe 22. Utani mwingi niliokutana nao ulizagaa katikati hapo, watu wakihesabu saa 96 za hewa kama dakika za nyongeza. Siku 4 kabla Titan haijapotea, boti ya Adriana ilizama karibu na Pylos, Ugiriki, ikiwa na mamia ya wahamiaji, na haikufuatiliwa hivyo. Hasira ilitoka hapo, ukichanganya na tiketi ya Titan ya dola 250,000.

Halafu tenganisha. Kumlaumu Stockton Rush, bosi wa OceanGate, kampuni yenye Titan, ni sawa: wataalamu walimwonya tangu 2018. (Ile pedi ya gemu waliyoendeshea chombo, iliyochekwa sana, kweli haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ganda la chombo la nyuzi za kaboni.) Lakini kijana wa miaka 19 aliyepanda na baba yake alikuwa na kosa gani? Hapo shemeji ana hoja, usibishane naye.