Je, Kigogo kinamchelewesha mwanangu?

SWALI: Mhariri, mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Mchana anashinda na bibi yake, anayezungumza naye Kigogo, na jioni mimi na baba yake tunazungumza naye Kiswahili. Anachanganya lugha hizo mbili, na akimwona mtu ameanguka husema "meanguka". Jirani ananishauri tuache Kigogo kabisa na kumwekea mtoto katuni za Kiswahili kwenye runinga. Bibi aliyasikia hayo, akanyamaza kutwa nzima. Nifanye nini?
Mama, Chamwino

JIBU: Mama, tafadhali mwombe bibi aendelee kuzungumza na mjukuu wake, tena leo hii, kwa maana ukimya wake ndio hasara kubwa zaidi katika habari yako.

Hilo la "meanguka" halikutokana na Kigogo. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanaojifunza Kiswahili jijini Nairobi, alionyesha kwamba mwanzoni watoto huacha mara nyingi kiambishi cha nafsi na kubakiza sehemu nyingine za kitenzi. Ni hatua ya kukua. Kigogo nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na viambishi vyake, kwa hiyo sikio linalokizoea halipotei njia likisikia Kiswahili.

Kuhusu idadi ya maneno, watu wengi huhesabu ya lugha moja tu, kisha wakasema mtoto amechelewa. Mwaka 1993, watafiti wa Miami, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wadogo waliolelewa kwa Kiingereza na Kihispania: maneno ya lugha zote mbili yalipojumlishwa, watoto hao hawakuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja. Basi chukua daftari, andika kwa wiki nzima kila neno analolisema, la bibi na la kwako. Angalia pia anamwambia nani nini. Akimsalimu bibi "mbukwenyi" na wewe akakupa "shikamoo", ujue tayari anazitenganisha lugha hizo kwa kumtazama msikilizaji.

Ushauri wa katuni ndio unaonisikitisha. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin. Waliochezewa na kusomewa vitabu na mtu aliyekuwa mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, lakini waliosikia maneno ya namna hiyohiyo kupitia runinga hawakujifunza. Runinga haiwezi kumjibu mtoto anapoonyesha kuku kwa kidole, ilhali bibi humtajia jina la kuku yule papo hapo.

Lipo jambo moja la kuangalia. Ikiwa bado haunganishi maneno mawili katika lugha yoyote, au hageuki anapoitwa kutoka nyuma, mpeleke kliniki apimwe masikio, na uende na daftari lile ili mhudumu ayaone maneno ya Kigogo pia.