Kwa Nini Natembea na Ubao wa Mita Nne

Juzi kijana anayepakia mizigo Majengo ameniandikia: "Kaka, ubao mrefu wa kupandishia mizigo kwenye lori unatumaliza pumzi. Turudi kwa mfupi?" Nilikumbuka friza ya Kongowea.

Ilikuwa ya kilo mia, sakafu ya lori iko mita moja juu, nami nina ubao wa mita 2. Tulikuwa wawili. Katikati ya ubao mwenzangu akasema tupumue. Tulipolegeza mikono tu, friza ikateleza yenyewe, ikambana kidole cha mguu, na mlango wake ukapinda. Mwenye mali hakunitukana. Alinitazama tu, akaondoka bila kunilipa, na mlango nikaulipia mimi. Ni miaka sita sasa na jicho lile bado naliona.

Friza ile ina uzito wa nyutoni 1,000 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta). Kuinyanyua wima mita moja ni kazi ya jouli 1,000, yaani nyutoni mara mita. Kama mbao isingekuwa na msuguano, ubao wa mita 4 ungetaka nyutoni 250 tu, na kazi ingekuwa ileile. Lakini mbao hukwaruza. Tuseme msuguano ni sehemu tatu kwa kumi ya kani inayoukandamiza ubao. Basi ubao wa mita 2 unataka nyutoni 760 na jouli 1,520. Wa mita 4 unataka nyutoni 540 na jouli 2,160. Kwa hiyo ndugu yangu hajakosea, kuchoka anachoka kweli.

Ila kwenye ubao mfupi mzigo unavutwa chini kwa nyutoni 500 na msuguano unashika 260 tu. Kwenye mrefu unavutwa kwa 250, msuguano unaweza kushika hadi 290. Ukipumzika, mzigo unakaa!

Wiki iliyopita tumepandisha friza nyingine Kisauni, watu wawili, tukapumzika mara mbili, haikusogea hata inchi. Nilijivunia.

Wewe unayeota lori lako mwenyewe kama mimi, acha kushindana misuli. Nunua ubao mrefu. Uwe mrefu kweli. Ukitaka kuokoa pumzi, weka vipande vya bomba chini ya mzigo uviringike, lakini hapo umeondoa msuguano uliokuwa ukikulinda, kwa hiyo mtu mmoja atembee nyuma na kigingi cha mbao, akikisukuma chini ya mzigo kila mnaposimama, na mguu wake uwe pembeni.